Kwa nini mwenye bondi hulipwa siku yake na kaunti hungoja? (Hazina, deni na mgao)

#1 Kondele_Hesabu

Wakuu, habari. Naomba tulijadili jambo hili kwa hesabu, siasa tuiache kando. Siku ya riba ya bondi (mkopo ambao serikali huchukua kwa wawekezaji) ikifika, fedha huingia kwenye akaunti ya aliyewekeza. Mgao wa kaunti nao unaweza kupitisha mwezi mmoja, wakati mwingine miwili na zaidi. Wauguzi wa Kisumu, Siaya na Vihiga wanakaa bila mshahara, na aliyeuzia hospitali dawa anahesabu miaka. Ilhali fedha zote zinatoka kwenye kapu moja, na kifungu cha 219 cha Katiba kinataka mgao ufikishwe bila kucheleweshwa ovyo.

Dai langu ni kwamba hapa hakuna karani mzembe. Ni mpangilio. Deni limewekwa mbele ya foleni na wengine wote wanapewa kinachosalia. Mwenye maelezo tofauti ayalete.

#2 Wakili_Amalemba

Mulembe. Umegusa penyewe, ila tutenganishe mambo mawili.

Kifungu cha 214 kinasema deni la umma linabebwa na Mfuko wa Pamoja wenyewe, yaani kapu kuu la fedha za serikali. Maana yake, Bunge halipigi kura kila mwaka kuamua kama riba italipwa. Ruhusa ilishatolewa siku mkopo ulipochukuliwa. Pensheni na mishahara ya majaji iko kwenye kundi hilohilo.

Mgao wa kaunti unahitaji sheria mbili mpya kila mwaka: ya kugawanya mapato kati ya serikali kuu na kaunti kwa jumla, kisha ya kugawia kila kaunti fungu lake. Miswada hiyo miwili inatakiwa ifike Bungeni angalau miezi miwili kabla ya Juni 30, mwaka wa fedha unapoisha. Bunge la Taifa na Seneti yakivutana, Hazina haina sheria ya kushika mkononi. Mwaka 2020 Seneti ilibishana kuhusu fomula ya kugawia kaunti hadi Septemba, mwaka wa fedha ukiwa tayari na miezi miwili na zaidi.

Kwa hiyo kaunti huchelewa hata kabla hatujafika kwenye suala la fedha kuwepo au kutokuwepo.

#3 Section58

Wakili yuko sawa kuhusu Julai hadi Septemba. Lakini kuchelewa kwa Februari au Mei kunaelezwaje? Hapo sheria zote zipo.

Mimi naangalia kalenda ya makusanyo. Kodi ya mishahara humfikia KRA, mkusanya kodi wa serikali, kufikia tarehe 9 ya mwezi. VAT na ushuru wa bidhaa ni tarehe 20. Kampuni nyingi zinazofunga hesabu Desemba hulipa kodi ya mapato kwa awamu nne: Aprili, Juni, Septemba na Desemba, tarehe 20. Kwa hiyo akaunti ya serikali pale Benki Kuu hujaa kwa mawimbi. Katikati ya mawimbi kuna wiki ambazo akaunti ni kavu kabisa.

Sasa linganisha na malipo. Riba ya bondi ina tarehe iliyoandikwa tangu siku ya mnada ilipouzwa. Hati za hazina, yaani mikopo ya muda mfupi ya serikali, zinaiva (zinafika siku ya kulipwa) kila Jumatatu. Mishahara ya serikali kuu ni mwisho wa mwezi. Ratiba ya mgao ipo pia, Seneti huiidhinisha na huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi, lakini ikipita hakuna riba ya kuchelewa na hakuna soko la kushtuka. Mtu wa Hazina akiwa na bilioni 30 na madai ya bilioni 60, ataanza na yule ambaye kuchelewa kwake kunagharimu zaidi siku hiyohiyo.

#4 Kondele_Hesabu

Section58, huko si kurudia nilichosema? Foleni ipo na kaunti iko mwisho.

#5 Section58

Hapana. Wewe unasema sheria ndiyo iliyoipanga foleni. Nasema hata ukiibadilisha sheria, akaunti itabaki kavu tarehe 12 na atatafutwa wa kusubiri. Leo ni kaunti, kesho ni shule zinazongoja fedha za wanafunzi.

#6 MamaVocha

Wanaume mmemaliza lawama zote Nairobi, wacha niwarudishe kaunti. Fedha zikishafika bado kuna safari, na hapo ndipo malipo mengi hufia. Hatua zenyewe ni hizi.

Hazina inapeleka mgao kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti, akaunti iliyoko Benki Kuu. Kaunti haiwezi kuzigusa. Idara ya fedha inaandika ombi kwa Mdhibiti wa Bajeti: kiasi, matumizi, taarifa ya matumizi ya fungu lililopita, taarifa za benki, na kama ni mishahara, muhtasari kutoka kwenye mfumo wa mishahara. Mdhibiti akiridhika anaidhinisha, na Benki Kuu inahamisha fedha kutoka kwenye Mfuko hadi akaunti ya matumizi, ya kawaida au ya maendeleo. Ndipo malipo yanapopitishwa kwenye IFMIS, mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali, faili inaingia kwenye mfumo wa benki wa Benki Kuu, waidhinishaji wanabonyeza mmoja baada ya mwingine, na fedha zinamfikia mlipwaji.

Yanayoharibu:

Ombi linarudishwa kwa sababu jumla ya majina kwenye orodha hailingani na kiasi kilichoombwa. Wafanyakazi wanaolipwa nje ya mfumo wa mishahara, wale wa karatasi, wanafanya ombi zima la mshahara likwame. Mradi umelipiwa kwenye vocha lakini haumo kwenye bajeti iliyopitishwa, au umo chini ya nambari nyingine. Fedha za maendeleo zinaombwa kulipa posho. Mwidhinishaji mmoja yuko safarini na hakukaimisha mtu. Na bajeti ya ziada: ikishapelekwa kwenye bunge la kaunti, kila idara inangoja nambari mpya zipakiwe kwenye IFMIS, na hapo wiki tatu zinapotea bila mtu kuandika barua hata moja.

Mgao ukifika tarehe 20, kaunti iliyojipanga inalipa mshahara ndani ya siku chache. Isiyojipanga inamaliza mwezi mwingine. Na kaunti zote mbili zitaliambia gazeti kwamba Hazina imechelewa.

#7 Jaduong_Nyalenda

Asante sana MamaVocha. Hii nimeihifadhi.

#8 Kanduyi_Mkulima

Mimi naona mnazunguka. Katiba inasema kaunti zipewe asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mwaka 2024/25 kaunti zilipata bilioni 387, na bajeti nzima ilikuwa karibu trilioni 4. Hiyo haifiki hata asilimia 10. Tunaibiwa mchana.

#9 Wakili_Amalemba

Kanduyi, soma kifungu cha 203 hadi mwisho. Asilimia 15 haipigwi kwenye bajeti. Inapigwa kwenye mapato ya hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Mikopo haimo. Mwaka 2024 hesabu zilizotumika zilikuwa za 2020/21, takriban trilioni 1.57. Ukichukua bilioni 387.425 unapata karibu asilimia 25. Sharti la 15 limepitwa zamani.

Kinachouma ni hapo penye "zilizoidhinishwa". Mkaguzi Mkuu anaweza kuwa amemaliza miaka mitatu mbele, lakini Bunge likichelewa kuidhinisha, kipimo kinabaki cha zamani. Kila mwaka wa kuchelewa unafanya asilimia ionekane kubwa kuliko ilivyo.

#10 Kanduyi_Mkulima

Basi asilimia ni kubwa kwenye karatasi na ndogo mfukoni. Hoja yangu imesimama palepale.

#11 Milimani_Dawati

Nimesoma mpaka hapa. Kuna jambo hamjalitaja, na kwangu ndilo kubwa: umri wa deni la ndani.

Hati za hazina ni za siku 91, 182 na 364. Mnada hufanyika kila wiki, kwa kawaida Alhamisi, malipo Jumatatu. Serikali ikiuza hati ya siku 91 yenye thamani ya bilioni 1 kwa riba ya asilimia 16, inapokea takriban milioni 961.6 leo na kulipa bilioni 1 kamili baada ya miezi mitatu. Kwa asilimia 8 inapokea milioni 980.4. Tofauti hiyo ya karibu milioni 19 ni ya bilioni moja tu, kwa robo mwaka tu. Katikati ya 2024 riba ya siku 91 ilikuwa karibu 16. Mwaka mmoja baadaye ilishuka hadi karibu 8. Zidisheni kwa mamia ya mabilioni.

Sasa, zikiiva, serikali hailipi kwa kodi. Inakopa upya kwenye mnada wa wiki hiyo na kuwalipa wa zamani. Mnada ukipata wanunuzi wengi, hakuna anayehisi kitu. Mnada ukikosa wanunuzi, mfano zimeiva bilioni 30 na zimepatikana 18, bilioni 12 lazima zitoke kwenye kodi ya wiki hiyo. Hizo 12 zilikuwa za nani? Mara nyingi ni za mgao, za barabara au za wizara. Ndiyo sababu mgao unaweza kuchelewa hata mwezi ambao KRA amefikia lengo. Section58 anaangalia mapato yanayoingia. Mimi nasema angalieni mnada uliofeli.

#12 Section58

Dawati, hiyo nakubali kwa sehemu. Lakini serikali ina njia ya dharura: Benki Kuu inaweza kuikopesha kwa muda mfupi, hadi asilimia 5 ya mapato yaliyokaguliwa karibuni. Kazi ya njia hiyo ni kuziba pengo kama la mnada wako.

#13 Milimani_Dawati

Ipo, lakini haikai tupu ikingoja. Ikitumika Julai na ikawa bado haijarejeshwa Novemba, mnada ukifeli Novemba hakuna pa kukimbilia. Njia ya dharura iliyogeuzwa kuwa ya kila siku haiokoi mtu.

#14 Kibuye_Duka

Swali la mtu wa kawaida: bondi zenyewe huwa tunanunuaje? Nasikia kuna iliyolipa asilimia 18.

#15 Milimani_Dawati

Kibuye, unafungua akaunti ya DhowCSD ya Benki Kuu kwa simu au kompyuta. Unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya benki yenye majina yaleyale. Majina yakitofautiana hata herufi moja, ombi linarudi. Bondi za kawaida zinaanzia shilingi 50,000, za miundombinu 100,000. Usijaze riba yako kama hujui soko, chagua kupewa wastani wa mnada. Baada ya matokeo unalipa kabla ya saa iliyotajwa. Ukishinda mnada kisha usilipe, unaweza kufungiwa.

Kodi ya zuio, inayokatwa kwenye riba yako: asilimia 15 kwa hati za hazina na bondi za chini ya miaka 10, asilimia 10 kwa za miaka 10 na zaidi. Za miundombinu hazikatwi.

Uliyoisikia ni bondi ya miundombinu ya Februari 2024, miaka 8.5, riba 18.4607. Kwa kila 100,000 unapata shilingi 9,230.35 kila miezi sita. Serikali ilitafuta bilioni 70, watu wakaleta zaidi ya 288, ikachukua takriban 241.

#16 MamaVocha

Na hapo ndipo mimi huumia. Bilioni 241 kwa asilimia 18.46 ni riba ya zaidi ya bilioni 44 kwa mwaka wa kwanza. Bondi moja. Gawa kwa kaunti 47 uone kila moja ingepata nini.

#17 Milimani_Dawati

Dada, kumbuka wiki ile ilikuwaje. Dola ilikuwa imefika karibu shilingi 160, Eurobondi ya 2014 (bondi ya dola iliyouzwa nje) ilikuwa inaiva Juni, na soko lilikuwa linauliza kama Kenya italipa. Zile fedha za Februari zilisaidia kurudisha dola kwenye 130 au chini yake kidogo. Pigeni hesabu: dola bilioni 2 kwa shilingi 160 ni bilioni 320. Kwa 130 ni bilioni 260. Riba ya 18 ilinunua kitu.

#18 Oginga_Road_Msomaji

Eurobondi ya 2014 ilikuwa dola bilioni 2.75, si 2. Tuwe waangalifu na takwimu.

#19 Milimani_Dawati

2.75 ni jumla: bilioni 2 za Juni 2014 na milioni 750 zilizoongezwa Desemba. Kati ya hizo, milioni 750 zilikuwa za miaka mitano, zikalipwa 2019. Zilizobaki hadi 2024 zilikuwa bilioni 2 za miaka kumi, riba 6.875. Sote tuko sahihi, ila iliyokuwa inaiva ni 2.

#20 Oginga_Road_Msomaji

Vema. Basi ongeza na hili: hazikulipwa zote kwa kodi. Februari 2024 serikali ilitoa Eurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 kwa 9.75 na kununua nayo sehemu kubwa ya ile ya zamani kabla haijaiva. Riba ya bilioni 1.5 kwa 6.875 ni dola milioni 103 kwa mwaka. Kwa 9.75 ni milioni 146. Tumeondoa mlima wa Juni 2024 na kuongeza dola milioni 43 kila mwaka. Angalau safari hii deni la msingi linalipwa kwa awamu tatu, 2029, 2030 na 2031, badala ya siku moja. Hilo ni jambo jema kwa Hazina, kwa sababu kosa la 2014 lilikuwa kuweka bilioni 2 nzima kwenye tarehe moja.

#21 Kondele_Hesabu

Mnaona sasa? Mazungumzo yalianza na muuguzi wa Siaya yamefika London. Lakini ni mnyororo mmoja. Dola ikipanda, fungu la deni la nje linafura kwa shilingi bila mtu kukopa hata senti, na kinachobaki kwa kaunti kinapungua.

#22 Kanduyi_Mkulima

Kwani hakuna kikomo? Nilijua deni halipaswi kuzidi trilioni 10.

#23 Wakili_Amalemba

Kikomo cha shilingi kiliondolewa 2023. Kilikuwa kiasi maalumu: trilioni 9 mwaka 2019, kikapandishwa hadi 10 mwaka 2022. Sasa kipimo ni asilimia 55 ya pato la taifa, deni likipimwa kwa thamani ya leo, likiruhusiwa kuyumba asilimia 5. Serikali ikiwa imezidi, ilipewa miaka mitano kurudi ndani, yaani hadi mwishoni mwa 2028. Kufikia Juni 2025 deni lilikuwa limepita trilioni 11, na la ndani ni kubwa kuliko la nje.

#24 Mwalimu_Maseno

Hapo kwenye "thamani ya leo" watu hupotea, acheni nifafanue kidogo. Mkopo wa miaka 30 wa Benki ya Dunia wenye riba ndogo, ukiupima kwa thamani ya leo, unakuwa mdogo kuliko kiasi kilichoandikwa, kwa sababu unaulipa polepole kwa fedha za miaka ya mbele. Eurobondi ya 9.75 haipungui hivyo. Kwa hiyo kipimo hiki kinaiadhibu serikali ikikopa ghali na kuisamehe ikikopa nafuu. Kile cha trilioni 10 kilizihesabu shilingi zote sawa.

Udhaifu wake ni kwamba anayekipiga ni Hazina yenyewe, na mabadiliko madogo ya pato la taifa yanakisogeza. Kikomo cha shilingi hata mtoto wa darasa la sita angeweza kukikagua.

#25 Jaduong_Nyalenda

Mwalimu leo umekuja na chaki yote! Asante.

#26 Section58

Wakati tuko kwenye vipimo, kuna deni lisilohesabiwa. Tozo ya mafuta ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Kati ya hizo 25, shilingi 7 zimeuzwa mapema kwa wawekezaji ili kupata bilioni 175 za kulipa wanakandarasi. Hazina inasema hilo si deni la serikali kwa sababu mwekezaji anategemea tozo, si Mfuko wa Pamoja. Mimi naliita deni. Kila anayejaza petroli Nakuru anatoa shilingi saba zilizokwisha kutumika, na miaka ijayo shilingi hizo hazitakarabati shimo lolote.

#27 Wakili_Amalemba

Kisheria kuna tofauti. Mfuko wa Pamoja haudaiwi.

#28 Section58

Kisheria sawa. Lakini mapato ya mafuta yakipungua, nani ataachwa akidaiwa? Serikali itatazama barabara zikikufa au itaongeza tozo. Vyovyote vile mlipaji ni yuleyule.

#29 Kibuye_Duka

Lakini wanakandarasi walilipwa, na hilo ni kubwa. Barabara ya Mamboleo kwenda Miwani, Chemelil hadi Muhoroni ilikaa miaka mingi imelala. Mwanakandarasi asiyelipwa huondoa mitambo, mkopo wake wa benki unazidi kukua, kisha akirudi anadai riba ya kuchelewa na gharama ya kuleta mitambo upya. Kutolipa kuna bei.

#30 MamaVocha

Asante Kibuye, hapo umenirudisha kwenye madeni ya kaunti, yale ya wauzaji. Watu wanadhani yanatokana na mgao kuchelewa. Sehemu ni hivyo, lakini sehemu kubwa inazaliwa siku bajeti inapitishwa.

Kaunti inakadiria itakusanya bilioni 2 yenyewe: maegesho, soko, leseni, ada za ardhi. Rekodi yake ya miaka mitatu ni bilioni 1.2. Bunge la kaunti linapitisha 2 kwa sababu kila wadi inataka mradi wake uonekane kwenye kitabu. IFMIS inaruhusu LPO, hati ya kuagiza bidhaa, kwa kuwa fungu lipo kwenye bajeti. Mfumo unaangalia bajeti, hauangalii kama fedha ziko benki. Muuzaji analeta bidhaa, kamati ya kupokea inatia sahihi, ankara inaingia. Juni 30 inafika, milioni 800 hazikukusanywa, na LPO zake zimeshatoka. Hata mgao wote ungefika tarehe 1 ya kila mwezi, deni hilo lingezaliwa.

Julai linapaswa kulipwa kwanza. Badala yake linaingizwa kwenye bajeti nusu yake tu, miradi mipya inawekwa juu, na mzunguko unaanza tena.

Dawa ninayoijua: LPO zitolewe kwa robo mwaka kulingana na fedha zilizopokelewa, na makadirio ya mapato ya ndani yasizidi wastani wa miaka mitatu bila sababu iliyoandikwa.

#31 Oginga_Road_Msomaji

Kweli, ila ada za hospitali ziondoe kwenye mfano wako. Tangu sheria ya 2023 ya fedha za vituo vya afya, hospitali inabaki na inachokusanya na kukitumia palepale. Kaunti inaihesabu kama mapato lakini haiwezi kuipeleka barabarani.

#32 MamaVocha

Ndiyo maana sikuitaja. Na hiyo inafanya mambo kuwa magumu zaidi: kitabu kinaonyesha mapato ya ndani yamepanda, watu wanashangilia, lakini fedha ambazo idara ya fedha inaweza kuzigawa hazijapanda kiasi hicho.

#33 Kondele_Hesabu

MamaVocha, nikuulize bila kukuudhi. Ukisema kosa ni la kaunti, si unaipa Hazina mlango wa kutokea? Kila mwezi watasema kaunti hazina nidhamu.

#34 MamaVocha

Sikuudhiki. Hazina ikichelewesha miezi miwili, kaunti inakopa benki ili ilipe mishahara. Sheria inaruhusu mkopo wa muda mfupi hadi asilimia 5 ya mapato yaliyokaguliwa, urudishwe ndani ya mwaka. Riba yake inalipwa na nani? Kaunti. Kwa hiyo Hazina inahamisha gharama ya ukavu wake kwa kaunti, na hilo ni kosa la Hazina. Lakini muuzaji wa dawa wa 2019 hakunyimwa fedha na mgao wa mwezi huu. Mambo haya mawili yako mezani pamoja.

#35 Kanduyi_Mkulima

Na viwanda vya sukari? Huku Bungoma tuliambiwa deni la Nzoia limefutwa. Likifutwa linakwenda wapi?

#36 Mwalimu_Maseno

Swali zuri sana hilo. Deni la viwanda vya umma, Nzoia, Chemelil, Muhoroni, Sony na wenzao, lilikuwa na vipande tofauti: kodi na adhabu za KRA, mikopo ya serikali, na mikopo ya mfuko wa maendeleo ya sukari. Serikali ikifuta, anayepoteza ni serikali yenyewe, kwa hiyo hakuna hundi inayoandikwa leo. Lakini kama serikali ilikopa mahali pengine ili ikikopeshe kiwanda, mkopo ule wa kwanza bado upo na Hazina inaendelea kuulipa. Aliyesamehewa ni kiwanda. Hazina haijasamehewa na yeyote.

Ndivyo ilivyo pia kwa dhamana. Serikali ikidhamini mkopo wa shirika, siku shirika likishindwa, dhamana inageuka deni kamili na kuingia foleni ileile ya mbele ambayo Kondele anaizungumzia.

#37 Kanduyi_Mkulima

Nimeelewa. Na mkulima aliyekuwa anadai malipo ya miwa?

#38 Mwalimu_Maseno

Huyo hakuwa mkopeshaji wa aina hiyo. Dai lake liko kwa kiwanda, kwa hiyo kufutiwa kiwanda deni la serikali hakumlipi. Ni lazima atengewe fungu lake kwenye bajeti, na afuatilie hadi litoke.

#39 Section58

Turudi kwenye swali la Kondele. Hazina huchapisha kila mwezi kwenye Gazeti Rasmi taarifa ya mapato halisi na fedha zilizotolewa. Chukueni taarifa ya mwezi wowote muangalie mistari mitatu: mapato ya kodi, mikopo ya ndani, na deni la umma upande wa matumizi. Kisha mstari wa kaunti. Takwimu ni za kujumlisha tangu Julai, kwa hiyo toeni mwezi uliotangulia ili mpate za mwezi husika. Nikilinganisha, mwezi ambao kodi imechelewa, kaunti huchelewa.

#40 Milimani_Dawati

Nikilinganisha mimi, ni mwezi ambao mikopo ya ndani imekuwa midogo kuliko ilivyopangwa. Tatizo la taarifa hiyo ni kwamba inaonyesha mwisho wa mwezi tu. Mgao ukitoka tarehe 30 badala ya 15, unaonekana umelipwa mwezi uleule, na kuchelewa kwa wiki mbili hakuonekani popote.

#41 Wakili_Amalemba

Mko wote kwenye fedha. Nauliza upya: kwa nini sheria isiweke riba ya kuchelewa kwa mgao? Mwanakandarasi anayo, mwenye bondi anayo. Kaunti ingekuwa nayo, Section58 asingesema kuchelewa kwake hakugharimu kitu.

#42 Section58

Nani angeilipa? Mfuko uleule, kutoka kwenye mapato yaleyale ambayo mwaka unaofuata yanagawanywa kwa kaunti.

#43 Wakili_Amalemba

Ingetozwa kwenye fungu la serikali kuu baada ya mgawanyo, si kabla. Inaandikika kwa kifungu kimoja.

#44 MamaVocha

Kiandike Wakili, tukisome. Na uongeze kifungu cha pili: kaunti ikikaa na fedha kwenye Mfuko siku 15 bila kupeleka ombi lililokamilika kwa Mdhibiti, nayo ilipe muuzaji riba.

#45 Kondele_Hesabu

Cha pili hicho magavana watakipinga kabla hakijakauka wino. Lakini kileteni, vyote viwili.